Viluwiluwi wanazunguka kama wamelewa, ni dawa ya kupe au ya minyoo?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mi mfugaji huku Kiteto, tunaogesha ng'ombe kwenye josho la kijiji, wakitoka tu pale wanakimbilia lambo kunywa na wengine wanazama mpaka tumboni. Msimu huu vyura walitaga vizuri tu, viluwiluwi wakajaa pembeni, sasa siku ya pili baada ya kuogesha nawakuta wanazungukazunguka, wanajikunja mikia, kesho yake wanaelea. Wazee wanasema ni joto. Ila wiki hiyohiyo tulichoma na sindano ya minyoo, ndo maana nachanganyikiwa.

JIBU: Wazee waniwie radhi, maji yakipata joto na kukosa hewa kiluwiluwi anapanda juu kugugumia hewa, huko kujikunja na kuzunguka kunanukia sumu ya mishipa ya fahamu. Soma kopo la dawa ya josho, nahisi utakuta saipamethrini au deltamethrini. Hizi zinafanya mishipa ya fahamu ipigepige bila kutulia, kupe anakufa hivyohivyo, ng'ombe anahimili manake mwili wake unaivunja haraka, lakini kiluwiluwi na samaki hawana bahati hiyo, na kiluwiluwi anapumua kwa matamvua na ngozi laini kabisa. Angalia na wadudu wa majini, kama nao wamekufa basi dawa ndo mshukiwa wa kwanza.

Ile sindano, kama ni aivamektini, siilaumu kwa vifo vya siku mbili. Yenyewe inatoka na mavi ikiwa bado na nguvu, nyingi siku za mwanzo na kidogokidogo kwa wiki kadhaa, juani majini inavunjika upesi ila ikishashika tope inakaa, na tope ndo sahani ya kiluwiluwi, anakwangua humo kutwa nzima. Tena vile vijidudu vidogo vya majini vinakufa kwa kiasi kidogo mno cha hiyo dawa. Kwahiyo waliochomwa wasilale kando ya lambo, chota maji wanywee kwenye birika.

Kuhusu josho, nywesha KABLA ya kuogesha (hata yale maji ya josho hawatayanywa kwa kiu, hilo nalo linaua ng'ombe), wakitoka wabaki zizini mpaka manyoya yakauke kabisa ndo uwaachie. Na wale wanaotumia bomba la mgongoni, msilisuuzie lamboni jamani, nawaona sana.