Bunduki ya babu na bei ya London

Mdogo wangu wa Lindi, umeuliza kama bunduki ya marehemu babu itauzika kwa bei uliyoiona kwenye duka la London. Bei hiyo ni ya duka kuuzia, si ya kununulia. Ndani yake kuna faida ya muuzaji. Wewe ukiipeleka utapewa pungufu sana. Holland & Holland ya babu, bunduki ya kampuni ya London, inabeba thamani kama mitutu ni ileile ya awali, kuta za mitutu hiyo hazijaliwa zikawa nyembamba, na namba zilizochongwa kwenye sehemu zake zinaoana. Na chumvi ya bahari yetu hii! Chungulieni ndani ya mitutu, mtafute vishimo vya kutu. Tafadhali usipige msasa kitako cha mbao. Huko "kung'arisha" ndiko kunakoua bei. Ila kabla ya yote nenda polisi: leseni ilikuwa ya marehemu, hukuirithi pamoja na bunduki.