Anisimulie kwanza, ndipo aandike

Mmeuliza wiki hii: mzazi aliyeishia darasa la saba atamsaidiaje mtoto wa Kidato cha Nne kujiandaa na maswali ya insha ya Historia? Mimi ndiye huyo mzazi. Ni fundi cherehani hapa Songea, na binti yangu alimaliza mwaka jana.

Mwanzoni nilimshikia daftari tu, yeye akiimba pointi sita za sababu za Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, kwa Kiingereza, bila kukwama. Nikadhani kaiva. Kumbe kwenye mtihani wa moko waliuliza kwa nini wapiganaji walishindwa, naye akamwaga zilezile za kwa nini walianza: kodi, pamba, maakida (wasimamizi waliowekwa na Wajerumani). Kurasa tatu, maksi za kuokoteza.

Nikaweka sharti: kabla hujaandika, nisimulie kwa Kiswahili huku napiga pasi. "Wamatumbi waling'oa pamba Julai 1905." Kwa nini pamba? "Walilazimishwa kuilima kwenye shamba la pamoja, malipo kiduchu." Na kodi inaingiaje hapo? Ananyamaza, anarudi kitabuni.

Hilo la kushindwa lilitumaliza jioni nzima. Pointi yake ya kwanza ilikuwa kifo cha Kinjekitile, mganga aliyewapa wapiganaji maji ya dawa. Nikamuuliza: mbona alinyongwa mapema Agosti 1905, na Wangoni wa huku kwetu wakaingia vitani baada ya hapo? Akacheka, akaifuta mwenyewe. Zikabaki bunduki za rashasha zilizowafyeka watu pale Mahenge, na Wajerumani kuchoma vyakula na mashamba mpaka njaa ikafanya kazi ambayo risasi hazikuimaliza. Na ajabu, mtoto amekulia mji huu, kila tarehe 27 Februari tunawakumbuka wapiganaji walionyongwa hapa mwaka 1906, ila hakuwahi kuyahusisha na daftari lake!

Akishasimulia vizuri, anapigia mstari neno linaloamrisha kwenye swali (eleza, jadili, linganisha), anaandika kwa Kiingereza, dakika arobaini, simu ikihesabu. Kiingereza chenyewe alisahihishiwa na mwalimu wake, mimi sikukigusa.

Sasa ni zamu ya mdogo wake, yuko Kidato cha Tatu. Juzi nilimuuliza wakubwa wa Ulaya waliokaa mkutano Berlin mwaka 1884 hadi 1885 walitaka nini Afrika. Akajibu haraka: malighafi. Zipi, na za kutengenezea nini? Bado anatafuta.