Shingo Inalia, Kifua Kimekaza

SWALI: Daktari, hujambo? Mimi ni fundi wa nguo hapa Kibuye, Kisumu. Nashona kwa cherehani ya miguu tangu asubuhi hadi giza liingie. Msimu wa sare za shule ukifika, shingo na mabega yanawaka moto, kisogo nacho kinagonga. Kuna mama hunikanda kwa mafuta, napata nafuu, kisha baada ya siku mbili tatu maumivu yanarudi palepale. Binti yangu anasema naota kibyongo. Nimeona mikanda ya kunyoosha mgongo ikiuzwa. Ninunue?
Fundi, Kibuye

JIBU: Mama, pole na kazi. Hela ya mkanda iweke kwanza. Ukiuvaa utanyooka, ukiuvua utarudi ulivyokuwa, maana misuli yako haitakuwa imefanya kazi yoyote.

Wewe fundi utanielewa upesi: uzi wa juu ukikazwa na wa bobini ukalegea, mshono hujikunja. Ukiinamia sindano kutwa, misuli ya kifua hukaza. Ile ya katikati ya mgongo, inayoshika makombe ya mabega, huvutika na kuchoka. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5. Kikitangulia mbele ya mabega, misuli ya kisogoni ndiyo hubaki kukishikilia, na ndiyo inayolia. Vladimir Janda, daktari wa Cheki, aliueleza mpangilio huu karne iliyopita. Kwa hiyo sina ugomvi na mama anayekukanda, ila anakanda misuli inayofanya kazi ya wenzake waliolegea.

Kibyongo chenyewe kisikutie hofu. Wapo wengi walioinama kukuzidi na hawaumwi popote. Kukaa mkao mmoja saa nyingi, na misuli isiyo na nguvu ya kuubeba, ndiko ninakokushuku zaidi.

Tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli, mafundi wa baiskeli hawatakunyima. Ikate iwe mkanda mrefu, izungushe kwenye nguzo usawa wa kifua, shika ncha mbili na uvute viwiko nyuma polepole mpaka makombe ya mabega yakaribiane. Mabega yasipande masikioni. Hapo ndipo wengi hukosea. Vuta mara 10, pumzika, rudia awamu tatu, siku tatu kwa wiki. Usiku lala chali bila mto, vuta kidevu ndani kama unayetafuta kidevu cha pili, hesabu hadi tano, uachie. Rudia mara 10. Asubuhi simama mlangoni, weka mkono kwenye fremu, kiwiko usawa wa bega, songa mbele hadi kifua kivutike, sekunde 30 kila upande. Jipe wiki sita hadi nane.

Na macho je? Umri hukuutaja, lakini mtu akipita miaka 40 macho huanza kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Kama unainama ndipo uone tundu la sindano, miwani na balbu karibu na mashine vitaifaa shingo yako kuliko zoezi lolote. Kila bobini ikiisha, simama.

Ukihisi ganzi au udhaifu mikononi, miguu ikianza kuyumba, au maumivu yakikuamsha usiku pamoja na homa au kukonda, usingoje wiki sita. Nenda hospitali ya rufaa ya Jaramogi wakupime.

SWALI: Bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto. Ni ugonjwa?
Kijana, Njoro

JIBU: Kama unaandika kwa mkono wa kulia na huumwi, achana nalo, mkono unaotumika zaidi mara nyingi bega lake hushuka. Ila vua shati, inama mbele, mtu akuangalie kwa nyuma. Mbavu za upande mmoja zikivimba juu kuliko za upande mwingine, uti wa mgongo unahitaji kupigwa picha.