Maswali ya Wasomaji: Wateja Wamebadilika, Chapa Ifanyeje?

Tunatengeneza mafuta ya kujipaka. Jina letu linaahidi weupe, na zamani ndilo lililoyauza. Siku hizi wasichana wa chuo wanasoma chupa na kuirudisha rafuni, ingawa mama zao bado wananunua. Tubadilishe jina bila kumpoteza mama wala binti? (Msomaji, Nakuru)

Badilisheni, ila anzeni na kilichomo ndani ya chupa. Mwaka 2020, maandamano ya kupinga ubaguzi wa rangi yalipoenea kutoka Marekani, kampuni ya Unilever iligeuza Fair & Lovely kuwa Glow & Lovely. Wakosoaji hawakutulia. Walisema jina limeondoka lakini biashara ya kung'arisha ngozi imebaki palepale. Kwa hiyo kama mafuta yenu yana haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi) au zebaki, jina jipya halitawaokoa. Viambato hivyo haviruhusiwi katika vipodozi nchini, na zebaki hudhuru hata figo. Kama hayana, basi huenda ahadi ya weupe haikuwa ya kweli tangu mwanzo. Semeni kazi ambayo mafuta yanaifanya. Baridi ya Julai hapo Nakuru hupausha miguu ya mama na ya binti vilevile, na hilo linatosha kuuzia.

Teueni majina matatu, si moja, kisha ombeni KIPI, taasisi ya serikali inayoandikisha alama za biashara, ipekue kama kuna mwenye jina linalofanana. Vipodozi huandikishwa katika daraja la 3, yaani kundi lao la bidhaa. Ombi likikubaliwa hutangazwa, na watu hupewa siku 60 za kupinga. Jina likiandikishwa hulindwa kwa miaka 10, na mnaweza kuliongezea muda. Msichape lebo hata moja kabla ya majibu ya upekuzi. Kibali cha KEBS, shirika la viwango vya ubora, nacho hutaja chapa, kwa hiyo kifanyiwe marekebisho. Chapa mpya pia inahitaji namba mpya ya bakodi, la sivyo mashine ya supamaketi itaendelea kusoma jina la zamani.

Kinachoangusha wengi ni kubadilisha kila kitu kwa mpigo. Mteja wa dukani mara nyingi hasomi, huonyesha kidole: "Nipe ile ya kifuniko cha kijani." Akikuta jina, rangi na chupa vyote vimegeuka, atasema ni feki, na mwenye duka hatakuwa na la kumjibu. Basi badilisheni jina, lakini kifuniko, umbo la chupa na mahali maandishi yanapokaa viacheni vilevile. Tangazo la "Jina jipya, mafuta yaleyale" liwekwe kwenye kibandiko cha kubandua, na liwekwe tu ikiwa mchanganyiko haukuguswa. Waelezeni wauzaji wa jumla kwanza, kisha wabadilishieni wenye maduka shehena ya zamani, chupa kwa chupa. Majina mawili yakikaa rafu moja, mteja atashuku yote mawili.

Kabla ya hayo yote, waonyesheni chupa ya majaribio watu 20, nusu mama, nusu mabinti. Waulizeni: "Hii ni ya nini? Ungemnunulia nani?" Msiulize kama wanaipenda; kwa heshima, wote watasema ndiyo. Watano wakidhani ni dawa, rudini mezani.

Nasaga unga wa uji Kisumu. Vijana wananiambia niandike kwa Sheng, wazee wanataka Dholuo, na sasa nataka kuuza hadi Kakamega na Bungoma. Nimfuate nani? (Msomaji, Kondele)

Paketi iandike kwa Kiswahili cha kawaida. Sheng huchakaa haraka, na ya Nairobi si lazima iwe ya Kondele. Itumie kwenye WhatsApp, ambako unaweza kuifuta kesho. Dholuo ipeleke redioni, lakini tangazo litungwe na mtu anayeiongea nyumbani. Ukitafsiri maneno ya Kiingereza, msikilizaji atasikia tafsiri.

Kuhusu Kakamega na Bungoma, uwe mwangalifu zaidi. Hakuna Kiluhya kimoja. Lubukusu cha Bungoma si Lulogooli cha Vihiga, na tangazo la lahaja moja humwambia jirani kwamba hakualikwa. Kiswahili chenye sauti ya mtu wa huko kitakufaa kuliko kubahatisha lahaja.

Na ile picha iliyozoeleka kwenye paketi za unga, ya mama aliyefunga leso akikoroga uji? Siku hizi unga hununuliwa pia na baba anayelea watoto na kijana anayeishi peke yake. Weka kikombe cha uji chenye mvuke, mkubwa kiasi cha kuonekana ng'ambo ya kaunta. Ukiongeza paketi ya robo kilo, piga hesabu kwanza: kilo moja sasa itahitaji mifuko minne na kufungwa mara nne.

Nawatumia SMS za ofa wateja walionilipa kwa M-Pesa. Mmoja amenijia juu. Kosa ni nini? (Msomaji, Kakamega)

Alikupa namba ili alipe, hakukupa ili umtangazie. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa yake kabla ya kutumia taarifa zake kibiashara. Weka daftari kwenye kaunta lenye jina, namba, tarehe na sahihi, na sentensi moja juu ya ukurasa ikisema utatuma nini na mara ngapi. Kila ujumbe uonyeshe njia ya kujitoa bila malipo. Anayejitoa mfute siku hiyohiyo, na orodha ya zamani iache kabisa.