Fundi Umeme Anajibu: Skrini ya inchi 9 kwenye gari la viti viwili

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Honda S2000 ya mwaka 2003, haijaguswa ndani. Nataka skrini ya inchi 9 katikati ya dashibodi, inioneshe ramani, kamera ya nyuma na video. Fundi niliyempelekea anasema lazima tukate dashibodi, na kwamba ule waya wa skrini wa breki ya mkono, unaozuia video gari likitembea, ataufunga kwenye ethi (mwili wa chuma wa gari) ili video zicheze hata gari likiwa mwendoni. Rafiki yangu yeye anasema nisihangaike, nibandike tableti yangu ya zamani. Nimsikilize nani?
Msomaji, mpenda magari ya wazi

JIBU: Marahaba mwanangu. Waache kwanza hao wawili, tuchukue rula.

Tundu la redio kwenye gari lako lina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Ni kipimo cha ISO 7736, kile ambacho mafundi wote wanakiita DIN moja. Kioo cha inchi 9 cha umbo la 16 kwa 9, kabla hujakipa hata fremu, kina upana wa karibu milimita 199 na kimo cha 112. Hakiingii kwa upana, na kwa kimo kinataka nafasi zaidi ya mara mbili ya ile iliyopo. Ndiyo maana fundi wako amefikiria msumeno. Mimi nakuomba usikubali. S2000 ilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2009 basi, na dashibodi ambayo haijakatwa ikishakatwa hairudi. Ukitaka kuchonga, tafuta dashibodi nyingine au fremu nyingine ya katikati, uchonge hiyo, na yako uifunge kwa nguo uihifadhi.

Njia ninayoipenda kwa gari hili ni skrini ya inchi 7 ambayo mwili wake ni wa DIN moja: mwili unaingia tunduni, kioo kinakaa mbele yake. Kioo hicho kina upana wa milimita 155 na kimo cha 87, kwa hiyo bado kitazidi tundu kwa kimo, na kile kifuniko cha redio cha kiwandani itabidi ukitoe. Kabla ya kununua, kata kadibodi ya ukubwa wa skrini pamoja na fremu yake, ibandike kwa tepu mahali itakapokaa, halafu ukae kwenye kiti unavyokaa ukiendesha. Tia gia ya tatu. Sasa ya tano. Gia zote za namba witiri kwenye gari lako zinasukumwa mbele, kuelekea dashibodi, na kirungu cha gia kiko karibu sana na redio. Vifundo vya vidole vikigusa kadibodi, hiyo skrini ni kubwa mno, hata muuzaji aseme nini. Angalia pia kama unafikia swichi zote za hapo katikati bila kuinama.

Jambo la pili ni jua, na hapa ndipo magari ya wazi yanapotofautiana na mengine. Paa likishuka, mwanga unaangukia kioo moja kwa moja. Skrini nyingi za kawaida zina mwangaza wa niti 400 hadi 500 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini), ambao kwenye gari lenye paa unatosha. Wewe tafuta inayokaribia niti 1000, yenye paneli ya IPS, ile inayoonekana vizuri hata kwa pembeni, maana ndivyo utakavyoitazama. Na kama unavaa miwani ya jua ya polaraizi, nenda nayo dukani. Ivae, tazama skrini ikiwa imewashwa. Kuna vioo ambavyo ukivitazama kwa miwani hiyo vinakuwa vyeusi tii, kwa sababu kichujio cha mwanga kilichomo ndani ya kioo na kile cha miwani vimepishana. Hakuna namna ya kukirekebisha baada ya kukifunga.

Joto nalo. Juu ya dashibodi ya gari lililoachwa juani panaweza kupita nyuzi 80 za Selsiasi. Apple wenyewe wanasema iPad isihifadhiwe mahali penye joto linalozidi nyuzi 45. Betri ya lithiamu ikipikwa hivyo kila siku huvimba, na ikivimba ndani ya fremu uliyoibana kwa skrubu, inasukuma kioo mpaka kipasuke, au inashika moto. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako tuuweke kando kabisa. Skrini ya gari haina betri ndani yake, na hilo peke yake linatosha kuipendelea.

Hata fremu ina joto lake. Siku hizi vijana wanazichapisha kwa printa za 3D, na kazi yao ni nzuri sana, lakini muulize anayekuchapishia anatumia plastiki gani. PLA huanza kulainika karibu na nyuzi 60. Nimewahi kushika fremu ya PLA iliyokaa juani: pembe za juu zilikuwa zimeinamia ndani, tundu za skrubu zimevutika zimekuwa mayai, na skrini ilikuwa imening'inia kwa skrubu za chini tu. ABS inavumilia mpaka karibu nyuzi 105. Agiza hiyo.

Kuhusu nyaya, usikate plagi ya kiwandani. Nunua waya wa kuunganishia wa modeli yako, upande mmoja uchomeke kwenye plagi ya gari, upande wa pili uunge na skrini. Kwenye skrini nyingi za kununua, njano ni moto wa kudumu, nyekundu ni moto unaokuja ukifungua swichi ya ufunguo, nyeusi ni ethi. Hata hivyo pima kwa mita, usiamini rangi. Maungio yabanwe kwa terminali au yachomwe kwa risasi na kuvikwa mpira unaonywea ukipashwa joto. Kusokota na kuzungusha tepu ya plastiki hapana: kwenye joto hilo gundi inachuruzika na tepu inafunguka. Kisha zungushia nyaya tepu ya kitambaa, kwa sababu springi za gari lako ni ngumu na kila kinachoning'inia nyuma ya dashibodi utakisikia kikigonga.

Plagi na nyaya za njano za gari lenyewe, zilizofungwa pamoja ndani ya dashibodi, ni za mifuko ya hewa; si ule wa njano wa skrini. Usizichome kwa taa ya kupimia. Ondoa terminali ya hasi ya betri, subiri dakika kadhaa, ndipo ufungue chochote.

Waya wa breki ya mkono ufungwe panapostahili, kwenye swichi ya breki ya mkono. Kwa kilomita 100 kwa saa gari linakwenda karibu mita 28 kila sekunde. NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2013 ilitaka kazi yoyote kwenye skrini isimwondolee dereva macho barabarani zaidi ya sekunde 2 kwa mtazamo mmoja. Sekunde 2 tayari ni mita 56. Video inadai macho kwa dakika nzima. Uingereza kanuni za 1986 zinakataza dereva kuweza kuona skrini ya aina hiyo akiwa anaendesha, isipokuwa inampa habari za gari, barabara au njia. Ramani na kamera ya nyuma zinaruhusiwa. Fundi anayekuahidi kuudanganya waya huo, nakuomba umhame. Mimi siufungi hivyo kwa mtu yeyote.

SWALI: Fundi salaam. Tangu niweke skrini na amplifaya, spika zinalia kama mbu, na sauti inapanda nikikanyaga mafuta. Kichujio cha kelele kitasaidia?

JIBU: Kiache kiwe cha mwisho. Mlio unaofuata mzunguko wa injini unatoka kwenye altaneta, mashine inayochaji betri, na mara nyingi unaingia kwa sababu ethi ya skrini na ya amplifaya ziko sehemu tofauti. Zipeleke pamoja kwenye bodi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Washa kila kitu, pima kati ya hapo na hasi ya betri. Ikizidi volti 0.1, bado ethi ni mbovu. Nyaya za sauti zipite upande mmoja wa gari, wa moto upande mwingine.

SWALI: Gari langu la michezo natoa wikendi tu. Tangu nifunge skrini, kila nikilifuata nakuta betri imekufa.

JIBU: Huenda waya mwekundu na wa njano vimeungwa pamoja, skrini hailali. Ikila ampea 0.5 tu, betri ya ampea-saa 40 inakwisha kwa saa 80, siku tatu na kidogo. Toa ufunguo, funga milango, unga mita ya ampea kati ya hasi ya betri na waya wake, usubiri kompyuta za gari zilale. Ikibaki juu ya miliampea 50, chomoa fyuzi ya skrini. Namba ikianguka hapo hapo, umempata mwizi wa umeme. Tenganisha nyaya hizo mbili na mwekundu uupeleke kwenye moto wa swichi.