Mtoto Haelewi Sayansi, au Haelewi Kiingereza?

Wanafunzi wangu walikuwa wachangamfu gredi ya tatu. Sasa wako gredi ya nne, na kipindi cha sayansi wote kimya. Nifanyeje? (Mwalimu, Ahero)

Mwalimu, hawakuacha akili nyumbani. Hadi gredi ya tatu sera ya elimu ya Kenya inataka wafundishwe kwa lugha ya eneo lao. Gredi ya nne Kiingereza kinashika darasa, na mtoto anabebeshwa mizigo miwili kwa mpigo: jambo jipya na neno jipya. Mtue mmoja. Chemsha maji kwenye sufuria iliyofunikwa, inua kifuniko, ukiinamishe wayaone matone yakiteremka upande wa ndani. Waulize yametoka wapi, kisha waache wabishane kwa Dholuo, lugha ya nyumbani kwao. Mmoja atasema maji yameruka, mwingine atasema mvuke umepoa. Hapo ndipo uandike ubaoni maneno mawili ya Kiingereza, si kumi, pamoja na sentensi yenye pengo waijaze kwa sauti, wawili wawili. Neno litashika kwa sababu wameshaona linachokitaja.

Na kama shuleni kwenu mtoto bado anavishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama, kivunjeni leo. Anayeogopa kufungua mdomo hataweza kuuliza swali la sayansi.

Shule inataka tulipie kipimo cha kujua kama mtoto hujifunza kwa kuona, kusikia au kutenda. Nilipe? (Mama wa gredi ya tano, Bungoma)

Usilipe hata shilingi, mama. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake watatu, wanasaikolojia wa Marekani, walipitia tafiti zilizokuwepo na hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba mtoto hufaulu zaidi akifundishwa kwa “mtindo wake”. Watoto hutofautiana, ndiyo: huyu haoni ubao vizuri, yule hasikii vyema, mwingine Kiingereza amekianza juzi. Hayo ndiyo ya kupimwa. Kumbandika mtoto jina la “msikilizaji”, halafu kumnyima mchoro wa moyo, ni kumdhulumu. Moyo unataka mchoro kwa wote. Mbegu ya kunde inayoota inataka kushikwa na wote.

Kitabu kinasema maji huchemka nyuzi 100. Yetu yanachemka nyuzi 94. Kipimajoto kimeharibika? (Mwalimu, Nakuru)

Hapana. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa haikandamizi maji sana kama pwani, kwa hiyo yanachemka kabla ya kufika 100. Kisumu, mita 1,130 hivi, utapata karibu 96. Mwanafunzi aliyeandika 94 alitazama kipimajoto, aliyeandika 100 alinakili kitabu. Tafadhali usimkate alama wa kwanza.

Mwanafunzi ameandika kwamba “solution” ni jibu la hesabu. Nimpe sifuri? (Mwalimu, Kakamega)

Saa mbili, kwenye hisabati, neno hilo lilikuwa jibu. Saa nne, kwenye sayansi, limekuwa mmumunyo, wala hakuna aliyemwambia limehama. Koroga chumvi kwenye glasi ya maji mbele yake, mwambie hiki ndicho leo tunakiita hivyo, kisha umuulize upya. Kiswahili nacho kina mitego yake: tunasema “nguvu” kwa kila kitu, kumbe kani (force) ni kani na nishati (energy) ni nishati. Zitenganishe mapema.

Hatuna maabara. (Mwalimu, Njoro)

Barua kama hii huja kila juma, na waandishi hawasemi wamejaribu nini. Nunua kabichi ya zambarau, ikate, ichemshe, uchuje maji yake. Glasi moja kamulia limau, nyingine tia magadi. Ya kwanza itakuwa nyekundu, ya pili itaelekea kijani, na hakuna mtoto atakayesinzia.

Basi nitafsiri mitihani yote kwa Kiswahili? (Mwalimu, Siaya)

La. Mtihani wa taifa wa sayansi utawajia kwa Kiingereza. Wafikiri na kubishana kwa lugha wanayoimudu, kisha jibu la mwisho waliandike kwa Kiingereza, kuanzia muhula wa kwanza, si wiki ya mtihani.