Je, picha za hadubini huonyesha kama upasuaji wa glaukoma umekubali?

Dada uliyeuliza, pole sana kwa kumuuguza mzee. Umesema baba yako alifanyiwa upasuaji wa glaukoma, ule ugonjwa wa presha ya jicho, wiki tatu zilizopita, kwamba presha ya jicho iliyokuwa 10 siku za mwanzo sasa imepanda hadi 19, na kwamba mtu fulani amewashauri mumpeleke nje ya nchi akapigwe picha za hadubini zinazoonyesha kama kidonda kinapona. Nilikuwa muuguzi wa macho nyumbani kwa miaka tisa, na sasa nafanya kazi Ujerumani katika kliniki ambako kupiga picha hizo ni sehemu ya kazi yangu, kwa hiyo nitakueleza ninayoyaona mwenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu hilo neno kupona. Katika upasuaji huu, ambao Cairns aliueleza huko Uingereza mwaka 1968, daktari hufungua njia ndogo chini ya kifuniko anachokikata kwenye ukuta mweupe wa jicho, ili maji ya ndani yatoke polepole na kukusanyika chini ya utando wa nje, mahali panapofichwa na kope ya juu. Hapo hujitokeza kilengelenge. Mwili haujui kwamba njia ile imefunguliwa kwa makusudi. Huiona ni jeraha, nao huanza kuiziba kwa kovu kama ufanyavyo kwenye goti la mtoto aliyeanguka. Mshono wa juu tunataka ushike, lakini njia ya chini tunataka ibaki wazi, na ndiyo maana hupakwa mitomaisini, dawa ya kuzuia kovu, kwa dakika chache wakati wa upasuaji, kisha mgonjwa akaendelea na matone ya steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wiki nyingi.

Hadubini tunayotumia hapa huitwa ya konfokali. Humulika jicho kwa leza nyekundu na kupokea mwanga unaorudi kutoka tabaka moja tu, huku ule wa tabaka za juu na chini yake ukizuiwa, hivyo tunaona seli za mtu aliye hai bila kumkata kipande cha nyama. Kichwa chake kilibuniwa katika mji wa Rostock hapa Ujerumani kwa ajili ya kuchunguza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na baadaye madaktari wakaona kinafaa pia kwa kilengelenge. Mgonjwa hutiwa matone ya ganzi, huweka kidevu mahali pake na kuambiwa atazame chini kabisa. Nami humwinulia kope kwa kidole, kisha husogeza lenzi iliyovishwa kofia safi ya plastiki yenye jeli mpaka iguse. Kugusa huko hunitia hofu hadi leo, kwa sababu kilengelenge kichanga ni laini mno. Kama rangi ya fluoresini imeonyesha kwamba maji yanavuja, picha haipigwi.

Picha zenyewe ni za kijivu. Kilengelenge kinachofanya kazi, tabaka lake la juu huwa limejaa vitobo vyeusi vya mviringo, mfano wa uso wa chila iliyoumuka vizuri, na chini yake nyuzi zimeachana kwa sababu maji yanapita katikati yake. Kinachoelekea kuziba huwa hakina vitobo, au vinahesabika. Nyuzi zake zimebanana kama mkeka, mishipa ya damu imepindapinda, na seli za kinga zinazokuja penye jeraha zinang'aa kama nukta nyeupe.

Nakumbuka mama mmoja ambaye kilengelenge chake kwa darubini ya kawaida kilionekana kimeinuka vizuri na presha ilikuwa 14, lakini kwenye picha nilikuta mkeka mtupu. Daktari alimchoma sindano za 5-FU, dawa nyingine ya kuzuia kovu, karibu na kilengelenge na kumwongezea steroidi, na presha haikupanda. Siwezi kukuapia kwamba picha ndiyo iliyomwokoa, maana huenda angeendelea vizuri hata bila hizo sindano.

Sasa mipaka yake, na hapa nakuomba usome kwa makini. Picha moja hufunika mraba wa mikroni 400, yaani chini ya nusu milimita, ilhali kilengelenge chenyewe ni cha milimita kadhaa; nikisogea kidogo tu naweza kukuta vitobo pale ambapo dakika iliyopita sikuviona. Tena hadubini hii haifiki mbali chini ya uso, na kovu linaloharibu kazi mara nyingi huanzia huko chini, juu ya kile kifuniko. Kwa huko, OCT ya sehemu ya mbele ya jicho, kipimo kinachotumia mwanga kuonyesha tabaka za jicho, huona vizuri zaidi, ingawa haionyeshi seli mojamoja.

Kwa hiyo sikushauri mumsafirishe mzee kwa ajili ya picha hizi. Wiki mnazopoteza kutafuta viza ndizo wiki ambazo kovu linakomaa. Nilipokuwa nyumbani nilimwona bibi aliyeambiwa arudi baada ya wiki sita kwa kuwa jicho lilikuwa jeupe na halimuumi. Aliporudi kilengelenge kilikuwa kimelala bapa, presha 28, na sindano ya kulegeza kovu haikufua dafu. Hakukosa hadubini bibi yule. Alikosa kuonwa kila wiki.

Mrudisheni kwa daktari wake kesho, si wiki ijayo. Presha kupanda wiki ya tatu kunaweza kumaanisha kwamba nyuzi zilizoshonea kifuniko zimekaza na zinahitaji kukatwa kwa leza au kulegezwa, au kovu limeanza na sindano inahitajika, au ni steroidi zenyewe, ambazo kwa baadhi ya watu hupandisha presha. Daktari akimkalisha kwenye darubini, akapima presha na kutazama kwa lenzi maalumu kama tundu la ndani liko wazi, ataweza kuanza kuyatofautisha hayo. Na nendeni na chupa zote za matone anazotumia, pamoja na zile za zamani, kwa sababu nimewaona wazee wengi walioacha steroidi wakaendelea na dawa ya presha waliyoizoea, wakiamini wanatii maelekezo.